Walinda Lango wa Uso Wazi

Wasomaji wetu wakaao chini ya Kilima Njaro huiona theluji ya Kibo kila kukicha, wala si ajabu kwao. Lakini kutembea juu ya maji yaliyoganda, tena kushindana na kucheza juu yake, ni jambo ambalo wengi wetu hatujaliona. Katika nchi ya Kanada, iliyo kaskazini ya Marekani, majira ya baridi yakiingia mito na maziwa huwa magumu kama sakafu ya mawe, hata farasi na gari lake waweza kuvuka. Watoto wa huko hufunga chini ya viatu vyao vyuma vyembamba vyenye makali, wakateleza kwa mwendo upitao mbio za mtu yeyote. Na mchezo wao mkubwa ni hoki ya barafuni.

Katika mchezo huu hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani cha mpira mgumu, upana wake inchi 3 na unene wake inchi 1, kwa magongo marefu yaliyopinda mwishoni. Kisahani hicho hutiwa katika baridi kabla ya kucheza ili kisidunde, na hapo huwa kama jiwe. Kila upande una watu sita, na mmoja wao ni mlinda lango. Lango lake ni dogo, futi 6 kwa upana na futi 4 kwa kwenda juu. Lakini wapigaji wenye nguvu hukirusha kisahani kwa mwendo wa maili 100 kwa saa na kuzidi. Kazi ya mtu yule mmoja ni kujiweka mbele yake.

Hatukusudii kuandika habari zote za mchezo huu. Twataka kueleza jambo moja lililotushangaza tulipozisoma, nalo ni hili: kwa muda wa miaka zaidi ya themanini walinda lango walifunga miguu yao kwa ngozi nene, wakavaa glavu kubwa mikononi na vitu vya kukinga kifua, walakini uso, penye macho na meno na ubongo nyuma yake, waliuacha wazi. Wala si kwamba hawakujua kutengeneza kitu cha kuufunika.

Mchezo wa kwanza uliochezwa ndani ya jumba kwa kanuni zilizoandikwa katika historia ulikuwa mjini Montreal, tarehe 3 Machi 1875, na aliyeuandaa alikuwa James Creighton. Mwaka wa 1892 Lord Stanley, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada, alitoa kombe la fedha washindaniwe, na mpaka leo laitwa Kombe la Stanley. Mwaka wa 1917 ukaanzishwa umoja wa timu za watu walipwao mishahara, nao ndio utawalao mchezo hata sasa. Hayo yatosha kwa habari za mwanzo.

Siku zile za kwanza mlinda lango hakuruhusiwa kuanguka. Sheria ilitaka asimame wima muda wote, na kama akijilaza barafuni ili kuzuia kisahani, refa alimwadhibu. Palikuwa na mtu mmoja wa Ottawa, jina lake Clint Benedict, ambaye alikuwa mjanja sana. Kila alipotaka kupiga magoti alijifanya ameteleza kwa bahati mbaya, na watu wa timu nyingine wakapiga kelele bure. Watazamaji wa Toronto wakamtania kwa kumwita Benny Mwenye Kusali, maana walimwona kila mara yu magotini. Mwishowe wakubwa wa mchezo walichoka kubishana kama mtu ameanguka kwa kusudi au hakukusudia, na Januari 1918 wakaibadili sheria, kila mlinda lango akapata ruhusa ya kuanguka apendavyo. Yafaa kulikumbuka jambo hili. Waliona kuwa wamempa mlinda lango msaada, na kweli ulikuwa msaada. Lakini mtu apigaye magoti hushusha na uso wake, akauleta karibu na mahali kisahani kipitapo.

Aliyesifiwa kuliko wote wakati ule hakuwa na ujanja wa Benedict. Huyu alikuwa Georges Vézina, mwana wa mwoka mikate, aliyezaliwa mwaka wa 1887 katika mji wa Chicoutimi, mashariki ya Kanada, ambako watu husema Kifaransa. Alianza kulinda lango akiwa amevaa viatu vya kawaida, na yasemekana hakufunga vyuma vya kutelezea katika mchezo mpaka alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na minane. Mwaka wa 1910 timu ya Canadiens ya Montreal ilifika Chicoutimi kucheza na vijana wa mahali pale. Mlinda lango wa Canadiens, Joseph Cattarinich, alimwona kijana yule mrefu, mwembamba, asiyeshtuka, naye akawashauri wakubwa wake wamchukue. Twaona hili ni tendo la kiungwana, kwa maana aliyemchukua nafasi yake ni kijana yule yule aliyemsifu.

Vézina alicheza mara yake ya kwanza tarehe 31 Desemba 1910, na tangu siku ile hakukosa mchezo hata mmoja kwa muda wa miaka kumi na mitano: 328 ya mashindano ya kawaida na 39 ya kugombea kombe. Watu walimwita Tango la Chicoutimi, kwa kuwa hata mchezo ukiwaka moto alikuwa baridi kama tango. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Timu yake ilishinda Kombe la Stanley mwaka wa 1916 na tena mwaka wa 1924, na mtoto wake aliyezaliwa wakati wa ushindi ule wa kwanza alipewa jina la Marcel Stanley. Magazeti yalitangaza kuwa alikuwa na watoto ishirini na wawili, na habari hiyo ilirudiwa miaka mingi hata ikaandikwa katika vitabu. Ilikuwa maneno ya mzaha ya meneja wake, Léo Dandurand. Watoto waliosalimika walikuwa wawili tu.

Tarehe 28 Novemba 1925 Canadiens walikuwa na mchezo na watu wa Pittsburgh. Vézina aliingia uwanjani ana homa kali wala hakumwambia mtu. Kipindi cha kwanza akakimaliza pasipo kufungwa bao. Kisha nguvu zikamwisha, akaanguka, akatolewa nje. Waganga walipompima waliona ni kifua kikuu, tena kimekwisha kuenea sana. Siku chache baadaye, kama Dandurand alivyosimulia, Vézina alikuja katika chumba cha wachezaji saa yake ya desturi, akaketi katika pembe yake alipozoea kuketi. Mtu wa kutunza vyombo alikuwa amemwekea viatu vyake na vikingio vyake kama siku zote. Akavitazama akatokwa na machozi, akaomba kitu kimoja tu, jezi aliyoivaa walipotwaa kombe. Halafu akarudi Chicoutimi, na tarehe 27 Machi 1926 akafa, umri wake miaka 39. Wenye timu wakatoa kombe jipya lenye jina lake, apewe kila mwaka mlinda lango aliyefungwa mabao machache. Miaka mingi kanuni yake ilikuwa hiyo; siku hizi hupewa yule ambaye mameneja wa timu humchagua kuwa bora.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini mtu mwenye homa aachwe acheze? Jibu ni kwamba timu haikuwa na mwingine. Kila timu ilimlipa mlinda lango mmoja tu, na akiumia mchezo ulisimama, mganga akamshona, naye akarudi. Kama hawezi kabisa, walitafuta mtu yeyote aliye karibu.

Jambo hili lilionekana wazi tarehe 7 Aprili 1928, timu ya Rangers ya New York ilipokuwa ikigombea Kombe la Stanley na timu ya Maroons, huko huko Montreal kwa Maroons. Katika kipindi cha pili Nels Stewart wa Maroons alipiga kisahani kikampiga Lorne Chabot, mlinda lango wa Rangers, jichoni. Akachukuliwa hospitali. Miongoni mwa watazamaji aliketi Alec Connell, mlinda lango hodari wa Ottawa, na Rangers wakaomba wamtumie yeye. Meneja wa Maroons akakataa. Wakamtaja mwingine, akamkataa naye, kwa maana sheria ilimpa haki ya kukataa. Basi mwalimu wa Rangers, Lester Patrick, mtu wa miaka 44 mwenye mvi kichwani, aliyekwisha kuacha kucheza, akavaa vikingio vya Chabot akaingia langoni mwenyewe. Zamani alikuwa mchezaji mashuhuri, lakini si wa mahali pale.

Wachezaji wake wakaona mzee wao anaanguka na kuinuka mbele ya visahani, nao wakapigana kama watu waliopagawa kumzuilia hatari. Bill Cook akawafungia Rangers bao. Stewart akamfunga mzee bao moja karibu na mwisho, wakawa sawasawa. Katika muda wa kuongeza Frank Boucher akafunga la pili. Rangers wakashinda 2 kwa 1, na baada ya michezo mitatu zaidi wakalichukua kombe. Watu wa hoki hupenda mno kusimulia hadithi ya Patrick, nasi twaipenda. Lakini katika masimulizi hayo Chabot husahauliwa, yule aliyelala hospitali na jicho lake limejaa damu, ambaye Rangers hawakumtaka tena msimu uliofuata, wakidhani hataweza kucheza kama zamani. Chabot alicheza miaka mingi bado, katika timu nyingine.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kufunika uso wake langoni alikuwa mwanamke. Mwaka wa 1927 Elizabeth Graham, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Queen's huko Kingston, alivaa wavu wa chuma watu wauvaao wajifunzapo kupigana kwa panga. Wanaume hawakumwiga. Miaka mitatu baadaye alikuwa yule Benny Mwenye Kusali, ambaye sasa alichezea Maroons. Januari 1930 Howie Morenz wa Canadiens, mtu aliyekuwa mwepesi kuliko wote wa zamani zake, alipiga kisahani kikamvunja Benedict pua. Alipopona alirudi uwanjani mwezi wa Februari na kifuniko cha ngozi usoni. Alikivaa michezo michache tu akakitupa, kwa kuwa kipande cha pua kilimzuia kuona kisahani kikiwa chini. Kabla ya msimu kwisha akaumizwa tena, na kazi yake katika umoja ule mkubwa ikakoma.

Basi kila mtu akasema: Mmeona? Kifuniko hakifai. Kwa miaka karibu thelathini neno hilo lilikuwa kama sheria. Lakini katika miaka hiyo mchezo ulikuwa ukibadilika. Tangu msimu wa mwaka 1929 wachezaji waliruhusiwa kupelekeana kisahani mbele hata karibu na lango, na mabao yakaongezeka mno. Baadaye, katika miaka ya 1950, wakatokea wapigaji kama Bernard Geoffrion walioinua gongo juu na kulishusha kwa nguvu zote kama mtu apasuaye kuni. Kisahani kilichopigwa hivyo mpigaji mwenyewe hawezi kusema hakika kitapita wapi. Mlinda lango wa mwaka 1920 aliweza kutumaini macho yake. Mlinda lango wa mwaka 1955 alitumaini bahati.

Wakati huo Canadiens walikuwa na mlinda lango aitwaye Jacques Plante, aliyezaliwa mwaka wa 1929, mtoto wa kwanza katika jamaa ya watoto kumi na mmoja. Kwao walikuwa maskini. Mama yake alimfundisha kufuma sufi, na hata alipokuwa mtu mashuhuri alijifumia kofia kwa mikono yake, wenzake wakamcheka. Tangu utoto alikuwa na pumu, na kwa hiyo hakuweza kuteleza mbio muda mrefu. Ndiyo maana aliwekwa langoni. Alikuwa mtu wa fikira zake mwenyewe. Walinda lango wote walikaa langoni kama kuku aatamiaye, lakini Plante alitoka, akaenda nyuma ya lango kuchukua kisahani akawapelekea wenziwe, jambo ambalo wakati huo lilionekana wazimu na leo ni desturi ya wote.

Yasemekana alikuwa amekwisha kuvunjika pua mara nne, tena ameshonwa nyuzi kama mia mbili usoni. Akaanza kuvaa kifuniko wakati wa mazoezi. Kisha Bill Burchmore, mtu wa kiwanda cha nyuzi za kioo, alimtengenezea kingine kilichofinyangwa kwa kufuata sura ya uso wake mwenyewe, chembamba, chenye matundu ya macho na mdomo. Kwa watu wa pwani yetu neno lililo karibu ni barakoa, ingawa barakoa waliyoijua mabibi wa zamani ilikuwa ya nguo, wala haikuwa ya vita. Mwalimu wa Canadiens, Toe Blake, alimruhusu kuivaa mazoezini tu. Alisema itamzuia kuona chini ya miguu yake. Tena alichelea kuwa mlinda lango aliyejifunika ataonekana mwoga, na kwamba mtu asiyeogopa kitu hawezi kukaa macho. Twadhani Blake hakuwa mkatili. Alikuwa ameshinda makombe matatu mfululizo na timu ile na hakutaka kugeuza kitu. Na tangu Aprili ya mwaka ule wa 1959 yalikuwa manne.

Tarehe 1 Novemba 1959 Canadiens walikuwa New York kucheza na Rangers. Dakika ya nne haijatimia Andy Bathgate alipiga kisahani kutoka karibu, nacho kikampata Plante usoni kati ya pua na mdomo. Miaka mingi baadaye Bathgate alieleza kwamba alikusudia, kwa kuwa Plante alikuwa amemwangusha kwenye ukuta. Plante akaondoka na taulo iliyolowa damu, akashonwa nyuzi saba. Ukumbi mzima ukakaa ukingoja. Mlinda lango wa akiba aliyekuwapo pale alikuwa mtu wa kucheza kwa kujifurahisha, si wa kazi. Blake akaja kumwuliza Plante kama yu tayari. Plante akamjibu kuwa yu tayari, lakini harudi barafuni bila barakoa yake.

Fikirini hali ya mwalimu yule saa ile. Hana mtu mwingine, saa inakwenda, na mbele yake ameketi mlinda lango bora wa dunia, midomo imevimba, naye hakubali. Blake akakubali yeye, kwa sharti kwamba kidonda kikipona kitu kile kivuliwe. Plante akatokea na uso usio wa mtu, mweupe kama mfupa, na watazamaji wakastaajabu. Canadiens wakashinda 3 kwa 1.

Kidonda kikapona, barakoa haikuvuliwa. Canadiens waliendelea michezo mingi bila kushindwa, na Blake hakuweza kulaumu. Mwezi wa Machi 1960 alimwomba acheze mara moja uso wazi kama zamani, Plante akatii, na tarehe 8 wakafungwa na Detroit mabao 3 kwa sifuri. Mchezo uliofuata barakoa ikarudi, na jambo lile halikutajwa tena. Majira yale Canadiens walicheza michezo minane ya kugombea Kombe la Stanley na kushinda yote minane, kombe lao la tano mfululizo. Mtu mmoja alipomwuliza kama kuvaa kitu kile si dalili ya woga, yasimuliwa Plante alimwuliza naye kama kuruka kutoka ndege bila mwavuli ni dalili ya ushujaa.

Walakini wengine hawakugeuka upesi. Glenn Hall wa Chicago alicheza michezo 502 mfululizo tangu mwaka 1955 mpaka 1962, yote uso wazi, na kabla ya kuingia uwanjani alikuwa akitapika kwa hofu, karibu kila mara. Mtu huyo hakuna aliyemwita mwoga. Terry Sawchuk, ambaye katika maisha yake alimaliza michezo 103 ya mashindano ya kawaida bila kufungwa, alianza kuvaa barakoa mwaka wa 1962, uso wake umekwisha kushonwa mara nyingi. Mwaka wa 1966 gazeti moja la Marekani lilimpiga picha, fundi akiwa amempaka rangi mahali pa kila jeraha la zamani ili yaonekane yote pamoja. Nyuzi zilikuwa zaidi ya 400. Waliozoea kumwona wakiwa mbali, juu katika viti, hawakuwa wamejua.

Plante mwenyewe alicheza mpaka uzeeni. Tarehe 3 Mei 1970, akiwa na umri wa miaka 41 katika timu ya St. Louis, kisahani alichopiga Fred Stanfield wa Boston kiligusa gongo la mtu njiani kikabadili mwendo, kikamwingia katikati ya paji la uso. Barakoa ikapasuka, naye akazimia. Alipozinduka hospitali alisema kuwa isingekuwa barakoa angekuwa amekufa. Katika lango la pili usiku ule alisimama Gerry Cheevers, ambaye barakoa yake ilikuwa kichekesho cha uwanja: kila kisahani kilipompiga usoni alichora kwa wino mweusi mshono mahali pale ambapo angalishonwa, hata barakoa nzima ikajaa mishono. Watoto waliipenda mno.

Wa mwisho kuulinda mlango uso wazi katika umoja ule alikuwa Andy Brown wa Pittsburgh. Mchezo wake wa mwisho huko ulikuwa tarehe 7 Aprili 1974, miaka kumi na minne na miezi mitano baada ya usiku ule wa New York.